Maumivu ya kichwa yasiyoisha na macho kuingia giza

Swali (Chumbageni, Tanga): Ndugu zangu, dada yangu huamka na maumivu ya kichwa, na akiinama macho humwingia giza kwa sekunde chache. Miwani haikusaidia, malaria haikuonekana. Tufanye nini?

Jibu: Pole sana. Giza la namna hiyo laweza kuashiria shinikizo la maji yanayozunguka ubongo, kwa hiyo mwombeni daktari wa macho atazame nyuma ya jicho, ambako neva iliyovimba huonekana, kisha ubongo upigwe picha. Tafadhali msikawie, kwani uoni ukipotea huenda usirudi.

Jibu: Apimwe shinikizo la damu pia. Hospitali ya rufaa ya mkoa ni Bombo.

Jibu: Mwulizeni dawa anazomeza, vidonge vya maumivu vikitumiwa karibu kila siku navyo huumiza kichwa.