Tope kwenye sampu (tangi la oili chini ya injini) ya injini kuu: purifaya, flashing au kufungua tusafishe kwa mkono?

Injinia_PortBell: Habari zenu wakuu. Tuko na meli ya mizigo hapa Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Victoria, inapiga Mwanza na kurudi, siku hizi filta za oili zinaziba haraka sana, na ukichota oili chini ya sampu inatoka nzito kama uji wa ulezi uliopoa, ukiisugua kwa vidole inakwaruza. Tajiri anataka tuzungushe purifaya tu (ile mashine ya kutenga uchafu na maji kwenye oili) safari iendelee, mimi naona tufungue. Mnasemaje?

Wa_Nakiwogo: Kaka, purifaya inasafisha oili inayopita ndani yake tu. Tope lililolala kwenye kona za tangi halisogei, hata upashe oili mpaka nyuzi 90 uzungushe usiku kucha. Hiyo ni ya kuzuia tope, likishaganda imechelewa.

DadaMarini: Flashing, yaani kuzungusha oili maalum ya kusafishia, inasaidia mabomba, ila chini ya sampu bado. Na tafadhali msimwage dizeli mle kama wengine wanavyofanya!! Ile inayobaki inalegeza oili mpya na kuifanya iwake kwa joto dogo, kwenye krankikesi (boksi la chini la injini) huo ni mlipuko unausubiri. Dawa za kuyeyusha nazo naziogopa, zinang'oa tope kwa mpigo linakimbilia strena (chujio la pampu ya oili), presha inashuka, beringi zinakufa.

Mzee_wa_Injini: Fungueni. Injini ipoe kwanza, feni ipulize, hewa ipimwe, oksijeni iwe asilimia 20.9 hivi, na mtu abaki mlangoni muda wote, msidharau hili wanangu, tangi linaua kimya kimya. Nyonyeni kwa pampu, kwangueni kwa mbao au plastiki, halafu pangusa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, pamba ya gereji hapana. Tope mliweke kwenye mapipa, mpeni mwenye leseni, tone lisiende ziwani maana maji mengi ya Kampala yanavutwa Ggaba, ghuba hiyo hiyo mliyotia nanga.

Wa_Nakiwogo: Na kabla ya oili mpya tafuta chanzo, mara nyingi ni maji ya kupozea yanavuja au masizi yanapita kwenye ringi za pistoni. Maji yakizidi asilimia 0.2 ya oili anza kushtuka.

Injinia_PortBell: Asante mzee, asanteni wote. Sampuli ya oili inaenda maabara kesho, na tajiri nitamwonyesha huu uzi, akitaka meli itoke kabla hatujafungua, mimi sisaini.