Mwanahabari mpekuzi wa TV hushinda akifanya nini hasa?

Mwanafunzi_Kakamega:
Hamjambo wakubwa. Niko mwaka wa 3, nasomea uanahabari hapa Kakamega. Nikiwa shule ya msingi nilikuwa nafukuzwa nikalale, lakini yule mpekuzi Mohammed Ali akitokea kwenye runinga ya KTN na maikrofoni yake siondoki. Mwaka wa 2017 akachaguliwa mbunge wa Nyali, na tangu siku hiyo baba ana wimbo mmoja: "Unaona? Hata yeye amekimbia." Anataka nihamie ualimu. Naomba aliye ndani ya kazi hii aniambie ukweli: siku zenu zinaendaje? Na mtu wa kazi hiyo ana maisha mengine, ama ni kuwindana na watu tu?

Kijana_wa_Kondele:
Maisha mengine ni kushinda kortini.

Mama_Mafunjo:
Mdogo wangu, nina miaka 17 kwenye kazi hii, 9 Nairobi na 8 hapa Kisumu. Stesheni siitaji.

Hiyo ya kushuka garini na maikrofoni ni dakika 2 za kazi ya miezi. Siku nyingi utanikuta na miwani na karanga, nasoma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mwaka wa fedha huisha Juni 30, na Katiba inampa miezi 6 akague vitabu. Ripoti za kaunti zikitoka, mimi natafuta sentensi moja tu: mradi umelipwa, wakaguzi walipofika hawakuuona. Nikiipata natoa hati ya CR12 ya kampuni kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nijue wakurugenzi ni kina nani, halafu napanda matatu nikaone kwa macho yangu.

Safari moja nilifika mahali palipopaswa kuwa na zahanati. Nikakuta msingi umeota nyasi na mbuzi amefungwa kwenye chuma kilichochomoza. Kwenye karatasi jengo lilikuwa limeshapakwa rangi. Nikaandika barua kuomba stakabadhi kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayompa afisa siku 21 kujibu. Zikapita. Nikalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, na huku kila Jumatatu nampitia karani yule yule, namsalimia, naulizia watoto, naondoka. Jumatatu ya sita akanipa faili, nadhani ili asinione tena. Makala ikaenda hewani dakika 14.

Sasa kosa langu, maana hili sidhani wanawafundisha darasani. Shahidi wetu mkubwa alikuwa mama aliyewapikia mafundi. Ndiye aliyehesabu siku walizofanya kazi: 11. Tukampiga picha kwa nyuma, sauti tukaizamisha mpaka ikawa ya mtu aliye kisimani. Mimi, mhariri na wakili tuliitazama mara tatu. Hakuna aliyeiona leso. Alikuwa amejifunga ile ya chama chao cha akina mama, rangi ya machungwa, maandishi yote mgongoni. Kabla taarifa za saa moja hazijaisha kijiji kizima kilishamjua, na wiki hiyo hiyo kibanda chake cha chai kikafungwa, eti leseni.

Nilienda kumwomba msamaha. Akanipa uji, akaniuliza kama leso ilionekana vizuri. Sikuwa na jibu. Shule zikifunguliwa huwa namtumia kitu kidogo cha watoto. Wako watakaosema mwanahabari hapaswi, na waseme. Tangu hapo, kabla kamera haijawashwa naangalia viatu, pete, mlango ulioko nyuma, hata mbwa. Mbwa wa mtu anajulikana na mtaa mzima.

Pesa? Ukianza utalipwa kwa kila habari inayotoka, na mhariri akiitupa umekula hasara ya nauli. Mimi nilikaa hivyo miaka 4.

Wa_Nakuru_Mashariki:
Niongeze kidogo. Bwawa la Solai lilipopasuka Mei 9, 2018, watu zaidi ya 40 wakafa, magari ya TV yalijaa huku mpaka mtu anakosa pa kupita. Mwezi uliofuata hukuona hata moja, ilhali kesi ilizunguka mahakamani miaka. Mimi hupima mpekuzi kwa hilo: anarudi lini, wengine wakishaenda?

Mwanafunzi_Kakamega:
Asante sana dada, na wewe wa Nakuru. Dada, swali la pili umelipita.

Mama_Mafunjo:
Ndege. Cheka umalize.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi niko Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nimekodi mtumbwi, nina darubini ile ile ninayochungulia nayo malori ya watu. Mwanzoni wavuvi walidhani nimetumwa kupima ardhi. Sasa wananiachia omena. Mnandi na yangeyange utawaona bila kutafuta. Lakini yuko mmoja anayeishi ndani ya mafunjo, kifua chekundu, mgongo mweusi, utosi wa manjano. Dume na jike huitana na kujibizana, na unaweza kuwasikia saa nzima usione hata unyoya. Mimi nilimwona Jumamosi ya tatu, akiwa juu ya bua, kwa muda wa kuhesabu hadi nne. Nilimpigia mama yangu simu kule Vihiga. Akauliza kama analiwa.

Mafunjo yenyewe yanakatwa kwa mikeka na kuchomwa, na mhariri ameniomba mara mbili nifanye makala ya Dunga. Nimekataa, nikampa mwenzangu. Nikipafanya kazini, Jumamosi nitaenda wapi?

La pili ni Ingwe, timu ya soka ya AFC Leopards. Kuishi Kisumu, kwa mashabiki wa Gor Mahia, ukishabikia Ingwe ni mazoezi tosha ya kuvumilia matusi.

Mpigapicha_Mstaafu:
Huyu nimebeba kamera yake miaka 5. Hajawaambia kwamba baada ya ile leso alinifanya nirudie picha za shahidi mwingine kwa sababu ya jogoo. Jogoo! Alikuwa na kidole kimoja kilichokatika. Na siku aliyonipeleka kwenye mtumbwi, asije akawaambia nililala: nilifumba macho kwa ajili ya jua.

Mama_Mafunjo:
Ulikoroma.

Mwanafunzi_Kakamega:
Nimemsomea baba yote. Kuhusu ualimu hajasema kitu. Ameuliza tu hiyo leso ya machungwa ilikuwa ya chama gani, anahisi anakijua.

Mama_Mafunjo:
Msalimie sana mzee. Mwambie sisemi.