Nimeuziwa tairi la 2017 kama jipya, tena la Porsche 911! Wauza matairi wa Dar mna roho gani?

Wakuu, nimelikalia hili jambo wiki mbili nikijiambia achana nalo. Nimeshindwa. Nimelipa milioni nne na laki sita kwa matairi manne, na kila nikiliona gari pale uani hasira zinanipanda upya. Jina la duka sitalitaja, msihangaike kunifuata PM. Wenyewe wakipita hapa watajijua.

Kabla hamjaanza: najua, "mwenye Porsche analilia tairi". Gari nimelinunua mtumba kutoka Japani, ni 911 Carrera S ya 2006, kizazi kinachoitwa 997, bahati tu nikapata ya usukani wa kulia. Kuna Prado mnapishana nazo kila siku Mikocheni zina thamani kuliko hili. Na hata ningepewa bure, hela ya tairi ni hela.

Ilianza kwa fundi wangu. Alilinyanyua kumwaga oili, akaniita, "Bosi, njoo uone huku." Matairi ya nyuma ukiyatazama umesimama kashata, yale meno ya tairi, zipo, unaona bado miezi sita. Chini, upande wa ndani, upana wa vidole viwili ulikuwa kipara na waya zinachungulia. Magurudumu ya nyuma ya gari hili juu yameegemea ndani kidogo, ndivyo lilivyotengenezwa, kwa hiyo tairi linalika huko ambako hakuna anayeangalia. Mwenye 911 humu leo alale chini aangalie. Akisimama hataona kitu.

Basi nikaanza kutafuta. Mbele linavaa 235/35 rimu 19, nyuma 295/30 rimu 19 (namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo), kwa hiyo ule mchezo wa kuhamisha ya mbele yaende nyuma haupo. Injini imekaa mkiani kama 911 zote tangu mwaka 1963, uzito mkubwa uko huko, ndiyo maana tairi la nyuma ni pana kama godoro la mtoto na ndilo linalotangulia kuisha.

Sasa shida ya wauzaji wetu. Wakishasikia 295/30/19 wanaona wamemaliza kusoma. Ni kama mtu anayenunua khanga kwa kuangalia pindo tu, jina hajalisoma, halafu anampelekea mama mkwe. Pembeni ya saizi pana namba na herufi. Langu la nyuma linatakiwa 100Y: 100 maana yake tairi moja linabeba kilo 800, na Y ni mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa. Gari lenyewe linaishia 293. Jamaa wa dukani akaanza kwa kunishikisha tairi la 97W, yaani kilo 730 na kilomita 270. Nilipomwonyesha akacheka. "Bosi, kwa foleni hii ya Dar, hiyo 270 utakimbilia wapi?" Nikacheka na mimi, sikatai. Lakini herufi ile si ya mashindano. Kinachoua tairi ni joto, na tairi la herufi ya juu limejengwa kulihimili likiwa limebeba mzigo. Lami ya Dar saa nane mchana mnaijua.

Halafu kuna hii N. Porsche tairi wanalolijaribu na kuliridhia kwa magari yao hupigwa alama ubavuni: N0, N1, N2 na kuendelea. BMW wana nyota yao, Mercedes wana MO, Audi wana AO. Tairi la kampuni ileile, jina lilelile, saizi ileile, lenye N na lisilo na N yanaweza kuwa tofauti kabisa ndani. Kuna watu wanafunga yasiyo na N na wanatembea vizuri, sina ugomvi nao. Ila ukichagua njia moja, ifuate kwa yote manne. Kuchanganya kwenye ekseli moja, kushoto hili na kulia lile, hapo unacheza na roho yako.

Yote haya nilimweleza jamaa. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: manne, kampuni moja, nyuma 100Y, yote mawili N2, yasiwe ya zamani. Akasema, "Umeeleweka kaka, hayo yanatoka Dubai, wiki tatu." Nikaacha nusu ya hela. Risiti ya mkono. Ya EFD, ile mashine ya kodi, nilipoiulizia, mtandao ukawa hausomi. Hapo ndipo ningeondoka.

Siku ya kufunga nilikuwa na msiba Kigamboni. Nikaacha gari na funguo. Hilo ni kosa langu na mke wangu amenikumbusha vya kutosha, msinirudie. Jioni nakuta matairi yamepakwa dawa, yanang'aa kama viatu vya mwanafunzi Jumatatu asubuhi. Nikamalizia hela, nikashukuru kabisa, nikampa na kijana ya soda.

Siku ya nne mvua ikanyesha, ile ya jioni inayokuja bila hodi. Nimetoka Daraja la Tanzanite naingia upande wa Coco Beach, mwendo hamsini, wala si zaidi. Nimegusa mafuta kidogo tu, mkia ukaondoka. Kushoto. Nikaurudisha, nashukuru Mungu hapakuwa na bodaboda pembeni. Gari lenye injini nyuma mkia ukianza safari hauombi ruhusa. Nikasimama dakika kumi miguu inatetemeka, watu wananipita wakidhani nimesimama niangalie bahari.

Nyumbani nikavua shati, nikaingia chini ya gari na tochi ya simu. Wengi hamjui hili: ile namba ya DOT yenye tarakimu nne za mwisho, mbili za wiki na mbili za mwaka lilipotengenezwa, mara nyingi imeandikwa kamili ubavu mmoja tu. Kwangu ilikuwa ubavu wa ndani. Nyuma kulia: 0922, na N2 yake ipo. Safi. Nyuma kushoto: 2317. Wiki ya 23, mwaka 2017. Nami nimeuziwa 2025, wakuu! Na N haipo kabisa, nimelizunguka lote, nimefuta na kitambaa nikidhani ni ile dawa imeziba. Haipo.

Bado. Nikahamia mbele. Haya matairi upande wa nje na wa ndani yamechongwa tofauti, na kiwandani huandikwa OUTSIDE ubavuni ili hata asiyejua kitu asikosee. Neno hilo kwa tairi la mbele kulia nimelisoma nikiwa nimelala chini ya gari. Limetazama ndani! Kijana wa mashine ama hakuangalia ama aliona ni jina la kampuni.

Upepo nao wamejaza 35 kote, mbele na nyuma, kama daladala. Gari hili kwa rimu 19 ni 33 mbele na 39 nyuma, mwongozo umeandika. Na rimu moja ina mkwaruzo wa chuma kuanzia kwenye valvu karibu robo duara. Rimu hata sizungumzii.

Kesho yake asubuhi niko dukani kabla hawajafungua. Wakati wa kulipa nilikuwa "bosi" na "kaka". Asubuhi ile nikawa "mzee".

"Mzee, tairi umri wake unaanza siku linapofungwa. Hili lilikuwa stoo, halijatembea hata kilomita moja."

Nikamuuliza stoo ina kiyoyozi. Kimya. Mpira unazeeka hata ukiwa umekaa, na stoo ya bati la moto unazeeka haraka zaidi. Unakuwa mgumu, na ukiwa mgumu haushiki lami, hasa ikilowa. Porsche wanasema tairi lenye zaidi ya miaka sita litolewe hata kama kashata zimejaa. Michelin wao wana huruma zaidi, wanasema baada ya miaka mitano likaguliwe kila mwaka na kumi ndiyo mwisho. Haya, tuchukue hesabu ya huruma: tairi nililouziwa kama jipya lilikuwa limebakiza miaka miwili. Bei ya jipya nimelipa yote.

Kuhusu N: "Hiyo N ni biashara tu ya Wazungu." Karatasi yangu niliyoandika N2 nikaiona iko pale pale chini ya kioo cha meza, na doa la chai juu yake.

Kuhusu tairi lililogeuzwa, na hapa ndipo nilipotoka nje nisije nikafanya jambo: "Hilo tunakugeuzia bure kabisa, ila balansi utalipia." Yaani ulivae wewe shati langu nje ndani, halafu nikulipe upige pasi.

Mwisho akanionyesha kibao ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Akaongeza kwamba akiniagizia la N2 lingine atanipa "bei ya undugu". Undugu gani!

NYONGEZA, maana mmeuliza mengi na siwezi kumjibu kila mmoja:

Wanaosema niuze ninunue Toyota IST: IST ninayo, anaendesha mke wangu, na tairi zake nilizinunua kwa dakika ishirini bila kugombana na mtu.

Aliyesema nishuke rimu 18, wewe ndiye umesema la maana peke yako. Carrera ya kawaida ya kizazi hiki ilitoka na 18: 235/40 mbele, 265/40 nyuma. Ubavu wa nyuma unapanda kutoka milimita 88 hadi 106, na kwa matuta ya kwetu hiyo ni afya ya rimu na ya mgongo. Nilikuwa naogopa breki za Carrera S hazitaingia ndani ya rimu 18, fundi kapima, zinaingia. Nikipata rimu zenyewe za Porsche, si za kuigiza, nahama. Nilishikilia 19 kwa sababu ya urembo tu, nakiri.

Mtumba kutoka Japani: hapana. Huko nako nimeona 295 zenye kashata nzuri sana na DOT ya 2015.

Aliyesema "ukipata pancha si wanachomeka ile kamba tu": gari langu halina tairi la akiba, lina chupa ya dawa na pampu ndogo. Kamba kwa tairi la kutembea 120 kwenda Chalinze siiweki. Wewe weka.

Aliyeuliza kwa nini sijaenda polisi: risiti ya mkono imeandikwa "matairi 4", basi. Hakuna saizi, hakuna kampuni, hakuna mwaka. Naona waliiandika hivyo kwa akili timamu. Safari hii ninayenunua kwake ataandika DOT ya kila tairi kwenye risiti, na nitakaa pembeni ya mashine hadi nati ya mwisho, msiba uwepo usiwepo.

Kwa sasa gari liko juu ya stendi. La mbele kulia fundi wangu kaligeuza mwenyewe, hakunilipisha hata shilingi. La 2017 nimelivua, liko kibarazani, wanangu wamelifanya kiti.

Ninachotafuta ni tairi moja: 295/30 ZR19 100Y, N2, kampuni ileile ya lile la 0922, DOT ya 2022 kuja juu. Mwenye nalo au anayejua lilipo, Dar, Arusha, hata Mombasa, aweke picha ya ubavu humu. Picha ya ubavu, siyo ya kashata. Na ionyeshe zile tarakimu nne.