Homa ya ini B: lishe inatosha?

Nzuguni_D: Wakuu, salaam. Mtu ana HBsAg chanya (kipimo cha damu kinachoonyesha virusi vya homa ya ini B), karudia baada ya miezi sita, bado chanya. ALT, kimeng'enya kinachopanda ini likiumia, iko kawaida. Anauziwa mitishamba ya "kusafisha ini" na kuambiwa lishe itaondoa virusi. Nyumbani chakula ni ugali, mlenda na karanga za shambani. Afuate lipi?

MaabaraKwanza: Hayo ni maambukizi sugu, mkuu. Lishe haiondoi virusi hivi. Vinasaba vyake vinajificha ndani ya kiini cha seli za ini, na hata tenofovir, dawa ya virusi hivi, huvizuia kuzaliana tu. ALT moja haitoshi, hupanda na kushuka. Aombe wingi wa virusi, AST (kimeng'enya kingine cha ini), chembe sahani (za kugandisha damu), ultrasound na kipimo cha VVU.

APRI, alama ya kukadiria makovu kwenye ini, mnaweza kuikokotoa wenyewe: AST gawanya kwa kikomo cha juu cha maabara ile, zidisha kwa 100, gawanya kwa chembe sahani (kwa maelfu katika kila mikrolita). AST 60, kikomo 40, sahani 150: jibu ni 1. Mwongozo wa WHO wa 2024 unashauri dawa kwa mtu mzima APRI ikizidi 0.5, au virusi vikizidi 2,000 IU/mL huku ALT ikiwa juu. Akiwa na VVU, au kwenye ukoo kuna saratani ya ini, naye huanzishiwa. Tenofovir ni mg 300 mara moja kwa siku. Kreatinini, kipimo cha figo, ipimwe kabla. Asiiache kiholela, virusi hulipuka upya na ini linaweza kufeli.

GhalaKavu_Kibaigwa: Mimi nashika hizo karanga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa karanga na mahindi, ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani ya ini huongezeka mno, na mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi. Anikeni juu ya turubai, si udongoni. Mahindi yashuke chini ya unyevu wa 13.5%, karanga 7%. Kwa mahindi: chupa kavu, punje na chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani, unyevu umezidi 15%, rudisha juani. Isipoganda, bado ongeza siku ya jua ili ushuke chini ya 13.5%. Karanga zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye ukungu tupeni, msiwape kuku wala msisage siagi.

Nzuguni_D: Na ile mitishamba?

MaabaraKwanza: Aache. Mingine huumiza ini lenyewe, halafu ALT ikipanda daktari hajui alaumu virusi au dawa. Pombe pia aache, mvinyo wa hapa Dodoma ukiwemo. Mwenza na watoto wapimwe. Wasio na maambukizi wala kinga wachanjwe dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya dozi ya kwanza.