Diski ya TB 4 ya video: NTFS, exFAT, ext4 au XFS? Umeme ukikatika Ubuntu haibuti

SendoffStudio_Dom
Wakuu heshima zenu. Mimi nafanya video za harusi na send-off hapa Dodoma, ofisi iko Area C, msimu huu kazi zimebanana mpaka naenda Mpwapwa na Kondoa. Nina kompyuta ya mezani ya Ubuntu ndio inatunza kazi zote, kijana wangu wa kuhariri yeye yuko Windows kwenye laptopu yake, kwahiyo diski ya nje, ile kubwa ya inchi 3.5 yenye boksi na adapta yake, ilikuja na fomati ya NTFS (namna ya Windows ya kupanga mafaili kwenye diski) nikaiacha hivyo hivyo ili tuwe tunapokezana. Sasa umeme ukikatika, hata ule wa kuzima na kurudi hapo hapo, folda ya video inaganda, nikirestati ndio balaa, mashine haifiki kwenye desktopu inaishia skrini nyeusi imeandika "You are in emergency mode". Mstari wangu kwenye fstab, lile faili linaloiambia Linux ifungue diski gani ikiwaka, huu hapa

`/dev/sdb1 /mnt/video ntfs3 defaults 0 0`

Mmoja kaniambia hamia exFAT, mwingine ext4, jirani anasema XFS ndio ya video. Nataka nihame mara moja tu nisirudie, nichague ipi na kwanini? Mafaili yangu mengi yanazidi GB 20 kila moja.

Nkuhungu_Ruti
Mkuu kabla ya kuhama popote rekebisha huo mstari, una matatizo mawili na hata ukiweka ext4 utabaki nayo. La kwanza sdb sio jina la diski yako, ni nafasi tu, leo ukiwasha na kisoma kadi kimechomekwa kinaweza kuchukua sdb na diski ikawa sdc, visoma kadi vingine hata vikiwa vitupu vinakula herufi. Tumia UUID, namba ya utambulisho wa diski yenyewe, unaipata kwa

`lsblk -f`

La pili hujaweka nofail. Bila hiyo systemd, programu inayoendesha kubuti kwa Linux, inaichukulia diski kama kitu cha lazima, inaisubiri sekunde 90, ikikosa inakutupa kwenye hiyo skrini. Andika hivi

`UUID=hapa_weka_yako /mnt/video ntfs3 uid=1000,gid=1000,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 0`

Ukiwa umekwama kwenye emergency bonyeza Enter, piga `mount -o remount,rw /`, fungua fstab kwa nano, rekebisha, restati. Ukimaliza siku zote piga `findmnt --verify` ikusomee makosa kabla hujazima mashine, kuliko kugundua asubuhi mteja kashakaa kwenye kiti.

exFAT_kwanza
Nyie mnazungusha mambo. exFAT basi. Linux yenyewe ina dreva yake ndani ya kerneli (moyo wa mfumo), hii nzuri ya sasa imeingia toleo la 5.7 mwaka 2020 baada ya Microsoft kuachia maelezo yake 2019, Windows inaisoma, Mac inaisoma, hata televisheni nyingi mpya zinaisoma. Haina ule ukomo wa GB 4 kwa faili kama FAT32. Mtu wa video anahitaji nini tena?

Mama_Seva
exFAT mwanangu taratibu. Anahitaji diski isiharibike umeme ukikatika, ndio swali lake lilivyoanza. exFAT haina jenali. Yani hakuna mahali inapoandika kwanza "naenda kubadilisha hiki na hiki" ili ikizimwa katikati ijue ilipoishia. Ikikatwa vibaya unabaki na fsck.exfat, programu ya kukagua na kukarabati, na kwenye diski ya TB 4 iliyojaa harusi za watu mimi sitaki kutegemea hiyo.

Mwanangu wa Send-off, hiyo NTFS nayo jenali inayo, lakini ya kwake ndio chanzo cha mashine kugoma. Ntfs3, dreva ya NTFS ambayo iko kwenye kerneli tangu 5.15 ya mwaka 2021, ikikuta alama kwamba diski ilizimwa vibaya inakataa kumaunti, yani kuifungua itumike. Piga `sudo dmesg | grep ntfs3` usome kumbukumbu za kerneli, utaona imeandika volume is dirty. Hiyo imekataa, wewe huna nofail, ndio unaishia skrini nyeusi. Watu watakwambia ntfsfix, hiyo haitengenezi diski, inagusa vitu vichache na kufuta alama. Ukarabati wa kweli wa NTFS ni kuirudisha Windows na kupiga `chkdsk /f`. Na huyo kijana wako mwambie azime Fast Startup kwenye Windows yake, kwasababu ikiwashwa laptopu haizimiki kikweli inalala, na diski iliyokuwa imechomekwa unaweza kuipokea ikiwa na alama hiyo hiyo.

Kwahiyo kwa mashine inayokaa mezani ni ext4, halafu laptopu ya kijana ifikie video kwa Samba, programu ya kushirikisha folda, kupitia mtandao. Windows haioni ext4 hata kidogo, inaona folda ya mtandao tu. Waya wa gigabiti unampa kama MB 110 kwa sekunde, kuhariri kunatosha. Wifi usijaribu.

SendoffStudio_Dom
Shikamoo mama. Nimepiga hiyo dmesg kweli imeandika dirty. Ila kijana saa nyingine anaondoka na diski anaenda kuhariri kwake Ilazo, hiyo Samba itamfuata?

Mama_Seva
Marahaba. Haimfuati. Mnunulie SSD ndogo ya kubebea, hiyo ndio uweke exFAT, anabeba kazi moja anarudisha. Diski yenye kazi zote isitoke ofisini, na hilo halina uhusiano na Linux wala Windows.

Kibaigwa_Data
Naungana na jirani wa XFS. Sisi huku tunatunza picha za kamera za ghala la mahindi, mafaili makubwa yanaandikwa usiku kucha, XFS haijawahi kutusumbua. Lakini ujue tabia zake, kuikuza unaweza, kuipunguza sahau. Na fsck ya kawaida haifanyi kitu kwake, ukipiga fsck.xfs inarudi kimya kama imemaliza kazi kumbe haijagusa chochote. Ikivurugika unamaunti kwanza ili isome jenali yake ijitengeneze, unaiachia, ndio unapiga `xfs_repair -n` uone inasemaje. Ile `-L` inayofuta jenali ni ya mwisho kabisa, nimeona watu wanaianza kama ya kwanza kwasababu ndio waliyoikuta kwenye video fulani.

second_year_udom
mbona hakuna aliyetaja btrfs jamani, nayo ni fomati ya Linux, ina snapshoti (nakala ya hali ya mafaili kwa wakati fulani) na inahesabu checksamu (namba ya kuhakiki) ya kila kitu so faili likioza inajua, ext4 haijui

Mama_Seva
Una haki kijana, `btrfs scrub`, inayosoma diski nzima kuhakiki, ni kitu kizuri na ext4 haina mfano wake, yenyewe inalinda kumbukumbu zake za ndani tu sio video yenyewe. Lakini kwa diski moja scrub itakwambia faili limeoza, haitalirudisha, haina nakala ya pili ya kuchukulia. Na siku ikigoma kumaunti mtu wa kwanza atakayemsaidia atamwambia `btrfs check --repair`, wakati wenye btrfs wenyewe wanaonya usiipige bila kushauriwa. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kamera, mimi nachagua kitu ambacho e2fsck, fsck ya ext4, inakimaliza.

Fundi_Makole
Nimesoma yote hakuna aliyeuliza kuhusu chuma. Mnampa mtu rangi ya nyumba wakati msingi hamjauangalia. Mkuu Send-off lete vitu viwili hapa

`sudo smartctl -a -d sat /dev/sdb`
`sudo dmesg -T | grep -iE "usb|I/O error"`

na swali la tatu, umesema umeme ukizima na kurudi hapo hapo folda inaganda, maana yake kompyuta yenyewe haizimi, una UPS. Adapta ya diski imechomekwa wapi?

SendoffStudio_Dom
Adapta iko ukutani mkuu, UPS ina matundu mawili tu, sipiyu na monita. Kwenye smart (ripoti ya afya ya diski), Reallocated (sekta mbovu zilizobadilishwa) 0, Current Pending (sekta zenye shaka) 0, UDMA CRC Error Count imesoma 14. Dmesg inaonyesha USB disconnect halafu sekunde chache mbele diski inakuja tena, ila sasa inaitwa sdc. Hiyo 14 ndio waya wa USB umekufa?

Fundi_Makole
Umejibu kila kitu mwenyewe. Umeme ukicheza, kompyuta inabaki hai kwa UPS, diski inakufa na kufufuka. Linux bado imeshikilia sdb iliyokufa, kwahiyo diski ikirudi inapewa sdc, na /mnt/video inaelekea kwenye kitu ambacho hakipo, ndio kuganda kwako. Hakuna fomati itakayokuokoa hapo. Toa monita kwenye UPS weka adapta ya diski, monita ikizima huandiki chochote.

Hiyo CRC wengi wanaitafsiri vibaya. Inahesabu makosa kati ya diski na kile kibao kilicho ndani ya boksi, sio waya wa USB. Waya wa USB ukiwa mbovu unaona kwenye dmesg maneno ya reset reset mfululizo. Na haishuki hata ukitengeneza, kwahiyo andika leo 14, angalia baada ya wiki, ikibaki 14 ni historia, ikipanda fungua boksi, safisha konekta maana vumbi la hapa Dodoma mwezi wa nane na wa tisa halina adabu. Pending na Reallocated zikiwa 0 diski yako nzima. Pending ingekuwa imeanza kupanda ningekwambia usipige fsck, usipige chkdsk, toa nakala kwanza kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, ukarabati ufanyie kwenye nakala.

exFAT_kwanza
Haya chuma kimepona, kwahiyo sasa NTFS yake si inamtosha tu, ahame ya nini

Nkuhungu_Ruti
Inatosha kama diski itaendelea kusafiri. Kama inakaa chini ahame, maana ruhusa za mafaili kwenye ext4 ni za Linux yenyewe, hahitaji kuhangaika na uid na umask (mipangilio ya mmiliki na ruhusa), na hitilafu yoyote anaitengenezea hapo hapo bila kuomba Windows ya mtu.

Mama_Seva
Ukihama fanya hivi. Huwezi kuigeuza NTFS kuwa ext4 ikiwa na vitu, lazima upate diski ya pili ya kuhamishia, nayo itabaki kuwa bakapu yako kwahiyo hela haijapotea. Nakili kwa programu ya rsync, rudia mara ya pili na `--checksum` ulinganishe, ndio ufomati. Jedwali la patisheni liwe GPT, ile ya zamani ya MBR kwa sekta za baiti 512 inaishia TiB 2, karibu nusu ya diski yako isingeonekana. Halafu

`sudo mkfs.ext4 -m 0 -L VIDEO /dev/sdX1`

Hapo kwenye X angalia lsblk mara mbili kabla ya Enter. Hiyo `-m 0` ni kwasababu ext4 kwa kawaida inatenga asilimia 5 kwa ajili ya ruti (mtumiaji mkuu wa mfumo), kwenye TB 4 ni GB 200 unazikosa bure. Kwenye diski ya mfumo iache, kwenye diski ya data tupu haina kazi. Kwenye fstab badilisha ntfs3 iwe ext4, toa uid na gid, nofail ibaki, na namba ya mwisho kabisa iwe 2 ili ikaguliwe wakati wa kubuti.

Kibaigwa_Data
Hiyo nofail ina mtego mmoja hamjamwambia. Diski ikikosa kumaunti, /mnt/video inabaki folda ya kawaida ndani ya SSD ya mfumo, na programu zako zitaandika humo bila kulalamika. Kuna ghala moja huku SSD ilijaa mpaka mashine ikagoma kuingia, df (inayoonyesha nafasi ya diski) inasema imejaa, du (inayopima mafaili) haioni kitu, kwasababu diski ilirudi baadaye ikamaunti juu ikafunika yale mafaili ya chini. Dawa yake, diski ikiwa haijamauntiwa piga

`sudo chattr +i /mnt/video`

Folda tupu inakuwa haiandikiki, diski ikimaunti juu yake kila kitu kinaendelea kawaida. Na kuona kama kuna kitu kimefunikwa, `sudo mount --bind / /mnt/chini` halafu uangalie /mnt/chini/mnt/video.

second_year_udom
hii chattr sikuwa naijua asante sana mkuu

SendoffStudio_Dom
Nawashukuru mno. Adapta nimeshahamishia UPS, diski ya pili naifuata Jumamosi. La mwisho, nikitaka kuitoa ile ya NTFS kabla kijana hajaondoka nayo inaniambia target is busy, huwa nachomoa tu.

Fundi_Makole
Usichomoe, na usipige `umount -l` ukadhani umeiachia, hiyo inaficha tu, kuandika kunaendelea nyuma. Piga `sudo fuser -vm /mnt/video` itakutajia nani kaishika, mara nyingi ni terminali yako mwenyewe imesimama ndani ya hiyo folda au programu ya kuhariri imesahaulika wazi. Funga, umount, ikichelewa kurudi usiogope inamalizia kuandika, subiri mshale urudi ndio uchomoe.