Naombeni ushauri: nimemuua Richter, gemu imeisha ghafla, na mama anasema nimeleta mumiani sebuleni

Binti wa Mwanga (Kigoma)

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na rika langu habari zenu.

Binamu yangu alipokwenda Dodoma masomoni aliniachia PS4 yake, mashine ya gemu, hapa nyumbani Mwanga. Ndani nilikuta mpira, kama ilivyo kwa kila mtu, na gemu nyingine inaitwa Castlevania Requiem. Mpira siuwezi. Nikafungua hiyo ya pili kwa sababu ya mchoro wake tu, nikachagua Symphony of the Night, na tangu siku hiyo nikifunga duka nakimbilia nyumbani.

Kwa wasioijua: wewe ni Alucard, mtoto wa Dracula, mama binadamu, baba mnyonya damu, na unaingia kwenye ngome ya baba yako kumzuia. Unaanza ukiwa na silaha kali, maadui unawapita kama kisu kwenye papai. Hujafika mbali, Kifo mwenyewe anatokea na mundu wake, anakunyang'anya panga, ngao, kofia, vyote. Siku ile nililia machozi. Aliyenitia moyo ni mdogo wangu wa kiume, ana miaka 14. Yeye ndiye mwenye daftari, kila mlango uliotushinda anauandika ili turudi baadaye.

Jumamosi tumefika juu kabisa ya ngome, tukamkuta Richter Belmont, mwindaji wa wanyonya damu, kakalia kiti cha enzi. Katuua mara sita. Ya saba nikamuua yeye. Yakaja maneno machache ya huzuni, yakafuata majina ya waliotengeneza, basi. Tukabaki tunatazamana. Mdogo wangu akaniuliza, "Dada, na Dracula yuko wapi?" Sikuwa na jibu.

Je, kuna kitu nimekosea? Nielekezeni, ila tafadhali msinimwagie mwisho wote. Na kama kweli ndiyo imeisha, ninunue ipi baada ya hii? Nimeweka hela ya gemu moja tu, na bando la kupakua nalo mnalijua.

Lingine ni zito zaidi kwangu. Mama yangu ni mwana WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, anauza mawese na dagaa Kibirizi. Jioni moja alirudi akanikuta ndani ya kanisa la ile ngome, kinanda kinalia, mifupa inatembea. Akauliza hao ni nani. Mdogo wangu akajibu, "Wanyonya damu." Mama akasimama pale mlangoni na beseni lake kichwani. Akasema bibi yake alikuwa hatoki usiku kwa kuogopa mumiani, leo mimi namwasha kwa swichi sebuleni. Hakufoka. Aliniomba tu niitoe. Kesho yake nikakuta TV imefunikwa kitenge.

Nampenda mama, na kucheza kwa kujificha siwezi. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Reli (Tabora)

Marahaba binti. Hujakosea, umefika tulipofika wengi tukazima mashine tukijua tumemaliza. Mimi niliicheza ile ya kwanza kabisa, ya PlayStation, iliyotoka 1997, kwenye kibanda karibu na stesheni hapa Tabora. Tulilipa kwa saa na kibanda hakikuwa na kadi ya kusevu, kwa hiyo kila siku tulianzia pale getini kwa Kifo. Ule mwanzo naujua kuliko njia ya kwenda kwetu.

Huo ulioupata ni mwisho mbaya. Nusu ya gemu hujaiona. Ramani yako inasoma asilimia ngapi? Maana ikijaa yote haiishii 100, inafika 200.6.

Jiulize swali moja: mwindaji wa wanyonya damu, ukoo mzima kazi yao ndiyo hiyo, anafanya nini kwenye kiti cha Dracula? Halafu kuna pete mbili, ya dhahabu na ya fedha. Kila moja imeandikwa nusu ya maneno. Yasome pamoja.

Binti wa Mwanga

Mzee wangu, mwili umenisisimka. Ramani inasoma 90 na kitu! Pete ya dhahabu ninayo, niliipata kwa yule mwanamke wa ndotoni kule mapangoni. Ya fedha sijaiona kabisa.

Pedi Mbovu (Kigoma, Gungu)

Dada, daftari la dogo lina jibu. Bila shaka kaandika korido ya miiba kule kanisani ambayo ukigusa tu umekwisha. Pete ya fedha iko ng'ambo yake.

Unahitaji deraya inaitwa Spike Breaker, ukiivaa miiba inavunjika yenyewe. Iko makaburini chini, mwisho wa korido yenye giza totoro na miiba. Geuka popo, halafu utumie ile sauti ya popo inayokuonyesha kuta. Kama huna sauti hiyo, Echo of Bat iko kwenye makazi ya Olrox. Polepole, usipapase.

Ukipata pete zote mbili, zivae uende kwenye chumba cha saa kubwa. Utakutana na msichana anaitwa Maria, atakupa miwani. Vaa hiyo miwani siku ya Richter na USIMPIGE RICHTER. Utaona cha kupiga. Naishia hapo.

Nakusihi jambo moja kama jirani: ukiokota chochote cha maana, nenda chumba cha kusevu kwanza. Mimi umeme ulikatika nina deraya mkononi sijasevu, saa mbili zikapotea.

Fundi wa Isevya (Tabora)

Naipenda gemu hii lakini nimwambie dada ukweli asije akavunjika moyo. Ile nusu ya pili ni ngome ile ile imepinduliwa. Dari limekuwa sakafu. Vyumba ni vile vile, ngazi zinaning'inia, na wimbo mmoja unarudiwa sehemu nyingi mpaka unachoka, wakati nusu ya kwanza kila eneo lilikuwa na wimbo wake. Tena ugumu unapotea. Ukibahatika kupata upanga wa Crissaegrim, unaoangushwa na wale maadui wanaoitwa Schmoo kwenye maktaba ya huko juu, hakuna bosi wa kukusimamisha. Unatembea unabonyeza tu.

Kwangu mimi bora ni Aria of Sorrow ya 2003. Unachukua roho za maadui na kila roho inakupa uwezo wake, na gemu inakaza mpaka mwisho.

Kinanda cha Ujiji (Kigoma)

Fundi, la wimbo kurudiwa nakukubalia, linaniuma hata mimi, hasa kwa sababu Michiru Yamane alifanya kazi kubwa mno kule mwanzo. Mimi napiga kinanda kwaya na nimejifunza vitu kwa huyu mama: anachukua kinanda cha kanisa, anachanganya na gitaa zito, eneo linalofuata anakuletea muziki mtulivu wa kuketi, na hakuna kinachogombana. Ule wimbo wa kanisani aliousikia mama yako, binti, zima sauti za mapigano uusikilize peke yake.

La ngome kupinduliwa siwezi kukubali. Chukua karatasi uchore nyumba yenu, uigeuze juu chini, halafu uniambie kama utatoka chumbani ukafika jikoni. Hawa walijenga ngome inayopitika pande zote mbili. Ulipotazama dari kule mwanzo ukaona kijukwaa kisicho na kazi, kazi yake ilikuwa inakungoja. Mimi niliposimama juu ya taa ambayo wiki nzima nilikuwa napita chini yake, niliweka pedi chini nikatulia kwanza.

Na ile ndoto ya mapangoni, binti, uliisoma maneno au uliruka?

Binti wa Mwanga

Niliruka kidogo, nilikuwa na hamu ya kupigana. Nilimuona mwanamke kafungwa msalabani.

Kinanda cha Ujiji

Yule ni Lisa, mama yake Alucard. Alikuwa akitengeneza dawa na kutibu watu. Wakasema ni mchawi, wakamuua mbele ya mwanawe. Chuki ya Dracula kwa binadamu inatokea hapo. Lakini Lisa mwenyewe aliwaombea binadamu wasichukiwe. Ila kwenye ile ndoto ni pepo anayejifanya Lisa, anamtaka Alucard achukie watu, na Alucard anamtambua papo hapo, maana mama yake hawezi kusema hivyo. Gemu nzima imekaa juu ya hilo. Baba na mtoto wamefiwa na mtu yule yule, mmoja kachagua kulipiza, mwingine kashika neno la marehemu.

Mama Nasra (Ujiji)

Mwanangu, mimi gemu sichezi, ninao vijana watatu wanaocheza na uzi huu amenionyesha mkubwa wao. Nimesoma la mama yako.

Kwanza usimwambie "ni gemu tu." Neno hilo linatuudhi, ni kama unatuambia hatujui tunachokiona. Mumiani kwa bibi zetu hawakuwa hadithi ya kuchekesha. Enzi za ukoloni watu waliamini kuna wanaokamata wenzao usiku na kuwatoa damu ikafanywe dawa, na walioogopwa walikuwa wenye mamlaka na magari yao, si wenye meno marefu. Mama yako ameirithi hofu hiyo kwa watu waliomlea. Iheshimu.

Halafu mweleze habari ya huyo Lisa, kama alivyoieleza huyu kijana wa kinanda. Sisi wa huku Magharibi tunajua vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia maisha yote. Mama yeyote anaelewa kisa cha mwanamke aliyetibu watu wakamuua. Akishajua kijana anapigana upande gani, atatazama kwa jicho lingine. Na akisema bado hataki, basi nyumba ni yake.

Tena muombe akupangie muda. Wakati wa rozari TV izimwe kabla hajasema. Na huyo wa miaka 14 asiachwe peke yake nayo usiku.

Mzee wa Reli

Mama Nasra, shikamoo, umesema yote.

Binti, kuhusu kununua: usinunue kitu sasa hivi. Hiyo Requiem ya 2018 ina gemu mbili. Rudi mwanzo kabisa uchague Rondo of Blood, ya 1993. Pambano la Richter na Dracula ulilolicheza dakika za kwanza kabisa za Symphony ndilo mwisho wa Rondo. Ngumu, hakuna kukusanya nguvu, unakufa unarudia. Ila ukimkomboa Maria hatua ya pili unaweza kumchezesha yeye, huko bado ni mtoto, anarusha njiwa, anaruka mara mbili, na mambo yanakuwa mepesi. Mpe mdogo wako huyo. Mkimaliza ndipo mtamuonea Richter huruma.

Pedi Mbovu

Naongezea. Hela ikitimia chukua Advance Collection ya 2021, PS4 inacheza, ndani kuna Aria anayoisema Fundi pamoja na Circle of the Moon na Harmony of Dissonance. Ile Dominus Collection ya 2024 watu wataisifia sana, na inastahili, lakini haikutolewa kwa PS4, usije ukachoma bando. Lords of Shadow ya 2010 nayo ni ya PS3.

Fundi wa Isevya

Na Bloodstained: Ritual of the Night, 2019, PS4 ipo. Koji Igarashi, mmoja wa waliotengeneza Symphony, alitoka kampuni ya Konami 2014, mwaka uliofuata akaomba mashabiki wamchangie, wakamchangia zaidi ya dola milioni 5. Unaicheza unahisi mkono ule ule. Kwa hela ya gemu moja, ningegawa hivi: Advance Collection kwanza, Bloodstained mwakani.

Binti wa Mwanga

Wakuu, nimerudi kuleta mrejesho, samahani kwa kukaa kimya wiki nzima.

Nilimsubiri mama akamaliza kuosha madumu, nikamweleza habari ya Lisa kuanzia mwanzo. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Na huyo baba alimpenda mke wake?" Nikamwambia alimpenda, ndiyo maana amekuwa vile. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema isiwe wakati wa rozari, isiwe Jumapili asubuhi, na mdogo wangu saa tatu awe kitandani. Kitenge akakitoa mwenyewe.

Korido ya giza imetuchukua siku mbili. Mdogo wangu ndiye aliyeshika pedi, mimi vidole vilikuwa vinatetemeka. Deraya tukapata, tukasevu (asante Pedi Mbovu, umeme ulikatika dakika kumi baadaye!), pete ya fedha tukapata, miwani tukapewa.

Jana tukapanda kwa Richter. Mama akavuta kigoda chake. Nilipoiona ile kitu ya kijani inaelea juu yake nikaelewa kila kitu kwa mara moja. Sikumgusa Richter hata kwa bahati mbaya. Na ile ngome nyingine ilipotokea mawinguni, minara ikiangalia chini, mama ndiye aliyepiga kelele wa kwanza.

Kinanda, umesema kweli. Fundi, kwa leo niache na furaha yangu, ya muziki tutaongea.

Swali la mwisho. Yule Kifo aliyeninyang'anya vitu vyangu getini, huku juu yupo? Nina deni naye.

Mzee wa Reli

Yupo. Unaukumbuka ule mgodi uliotelekezwa, kule chini ya ngome, unaoshukia makaburini? Sasa uko kule juu. Anakungoja humo, na analinda jicho la Vlad, moja ya vitu vitano unavyovihitaji ili ufike kwa Dracula. Usianze naye. Tafuta vingine kwanza, ongeza damu, halafu panda. Mama awepo.