MREJESHO: zile ndizi mbivu za kuoka na nazi, safari hii zimekubali

Jamani nimerudi. Mtakumbuka niliuliza nifanyeje ndizi mbivu za kuoka bila oveni maana mara ya kwanza zilinitoka uji mtupu, watoto wakaniuliza mama hii ni nini.

Basi kosa lilikua ndizi zenyewe, nilitumia za kisukari zilizoiva mpaka zimelegea. Jana nikachukua mzuzu 4, ganda lina madoa meusi ila ukibonyeza bado ngumu ngumu, nikapasua katikati kwa urefu nikapanga kwenye sufuria nimepaka siagi, nikamwagia tui zito kikombe kimoja (lile jepesi nimeweka kwenye maharage), sukari vijiko 2, hiliki ya kutwanga na chumvi kidogo sana.

Moto nilifanya mlivyosema, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko. Dakika kama 25 hivi tui likawa linachemka pembeni polepole, limekua zito kama krimu, na juu ndizi zimepiga rangi ya kahawia, harufu ya hiliki mpaka jirani kauliza leo kuna nini.

Sasa kimbelembele changu nikafunua kuchungulia mara ya tatu, majivu yakadondokea ndani 😩 nikayatoa na kijiko, sikumwambia mtu.

Tumekula za moto moto, sufuria imekombwa. Aliyesema niongeze sukari nusu kikombe, dada samahani, mzuzu ina utamu wake, ingekua kashata ile.